Barakoa ya zoloto katika upasuaji wa matundu madogo

Barakoa ya zoloto (hujulikana pia kwa kifupi cha jina lake la Kiingereza, LMA) ni kifaa laini kinachoingizwa kupitia kinywa cha mgonjwa aliyepewa nusukaputi ili kupitishia oksijeni na gesi za usingizi hadi mapafuni. Tofauti na mrija unaopenya ndani ya koo la hewa, barakoa hii huishia juu ya zoloto na kuzunguka mlango wake bila kuingia ndani.

Katika upasuaji mdogo wa mikono, miguu au ngozi, barakoa hizi hutumika kila siku duniani. Katika upasuaji wa matundu madogo matumizi yake yamejadiliwa kwa muda mrefu. Upasuaji huo hufanywa kwa kujaza tumbo gesi na kuingiza kamera na vyombo vyembamba kupitia matundu machache. Gesi hiyo husukuma mapafu kutoka chini na kubana tumbo la chakula. Kwa sababu hiyo barakoa inapaswa kufanya kazi mbili kwa pamoja: kuzuia hewa isivuje, na kuzuia vilivyomo tumboni visifike mapafuni. Barakoa za aina mbalimbali hulinganishwa hasa kwa kazi hizo mbili.

## Njia ya hewa wakati wa nusukaputi

Mtu aliye macho akipaliwa na maji au tonge la chakula hukohoa mara moja. Kikohozi hicho ni kinga ya mapafu. Zoloto hujifunga, kifuniko chake hushuka wakati wa kumeza, na kitu kigeni hufukuzwa.

Nusukaputi huondoa kinga hiyo. Misuli ya koo hulegea, ulimi huanguka nyuma na kuziba njia, na mgonjwa hawezi kukohoa. Kama akipewa pia dawa ya kulegeza misuli, hawezi hata kupumua mwenyewe. Mtaalamu wa nusukaputi, ambaye wengi humwita daktari wa usingizi, anapaswa kumpumulisha na kumlinda hadi atakapoamka.

Njia kuu za kufanya hivyo ni tatu:

* Barakoa ya uso, inayoshikiliwa kwa mkono juu ya pua na kinywa. Inafaa kwa muda mfupi tu.
* Mrija wa koo la hewa, unaopitishwa kati ya nyuzi sauti. Puto dogo karibu na ncha yake hujazwa hewa na kuziba nafasi inayobaki pembeni. Huu ndio unaokinga mapafu vizuri zaidi.
* Barakoa ya zoloto, iliyo katikati ya hizo mbili. Huacha mikono ya mtaalamu huru, lakini haizibi koo la hewa kwa ndani.

Mrija una kasoro zake. Kuupitisha kunahitaji chombo chenye taa cha kuinulia ulimi, na mara nyingi dawa ya kulegeza misuli. Shinikizo la damu na mapigo ya moyo huweza kupanda unapoingizwa na unapotolewa. Wagonjwa wengi hukohoa wanapoamka nao, na baadaye koo huuma au sauti hukauka. Barakoa ya zoloto kwa kawaida hupunguza matatizo hayo, na hilo ndilo lililowavutia madaktari tangu mwanzo.

## Historia

Barakoa ya zoloto ilivumbuliwa na daktari Mwingereza Archie Brain mwaka 1981 alipokuwa akifanya kazi London Hospital, Whitechapel. Alichunguza umbo la koo kwa kutumia kalibu za plasta zilizotolewa katika maiti. Aliona kwamba puto la barakoa ndogo ya pua iliyotumiwa na madaktari wa meno lingeweza kukaa vizuri kuzunguka mlango wa zoloto. Akaliunganisha na mrija na kupata kifaa chake cha kwanza.

Mwaka 1983 alichapisha makala kuhusu majaribio yake kwa wagonjwa 23 katika jarida la Uingereza la nusukaputi. Kifaa kilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1988, na Marekani kiliidhinishwa mwaka 1991.

Katika miaka hiyohiyo upasuaji wa tumbo nao ulikuwa ukibadilika. Kurt Semm wa Kiel, Ujerumani, aliondoa kidole tumbo kwa matundu madogo mwaka 1980. Erich Mühe, Mjerumani pia, aliondoa mfuko wa nyongo kwa njia hiyo mwaka 1985, na Philippe Mouret akafanya vivyo hivyo huko Lyon, Ufaransa, mwaka 1987. Katika miaka ya 1990 njia hiyo ilienea haraka. Mgonjwa alikuwa na jeraha dogo na aliweza kurudi nyumbani mapema. Swali likazuka: kama jeraha ni dogo hivyo, je, ni lazima bado kupitisha mrija katika koo la hewa?

## Kinachobadilika tumbo linapojazwa gesi

Gesi inayotumika zaidi ni dioksidi kabonia, kwa sababu haiwaki na huyeyuka upesi katika damu. Kwa kawaida huingizwa hadi shinikizo la milimita 12 hadi 15 za zebaki. Wataalamu wa nusukaputi hupima shinikizo la njia ya hewa kwa sentimita za maji. Milimita 1 ya zebaki ni takriban sentimita 1.36 za maji; kwa hiyo milimita 15 za zebaki ni sawa na sentimita 20 hivi za maji.

Si shinikizo lote hilo linalofika kifuani. Hata hivyo mabadiliko manne hutokea:

1. Kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo husukumwa juu. Mapafu hukosa nafasi ya kutanuka, na mashine ya kupumulia hulazimika kutumia shinikizo kubwa zaidi ili kuingiza hewa ileile.
2. Sehemu ya dioksidi kabonia huingia katika damu. Mgonjwa anapaswa kupumulishwa zaidi ili aitoe.
3. Tumbo la chakula hubanwa, na vilivyomo vinaweza kupanda kwenye umio. Kwa mtu mwenye afya, msuli unaofunga mwisho wa umio huweza nao kukaza zaidi na kupinga msukumo huo. Kwa mwenye kiungulia kikali au ngiri ya kiwambo, kinga hiyo ni dhaifu.
4. Mkao wa mgonjwa hubadilishwa. Katika upasuaji wa kizazi kichwa huinamishwa chini, na uzito wa matumbo huongeza msukumo kwenye kiwambo. Katika upasuaji wa mfuko wa nyongo kichwa huinuliwa, jambo linalorahisisha kupumua.

Barakoa inayovuja huleta tatizo jingine. Hewa isiyoingia mapafuni inaweza kuingia katika umio na kulijaza tumbo la chakula. Tumbo lililovimba humzuia daktari wa upasuaji kuona vizuri, na pia huongeza uwezekano wa mgonjwa kucheua.

## Aina za barakoa

Barakoa hugawanywa katika vizazi viwili. Kizazi cha kwanza kina njia moja tu, ya hewa. Kizazi cha pili kimeongezewa njia ya pembeni inayoishia mwanzoni mwa umio. Kupitia njia hiyo gesi na majimaji yanayopanda hutoka nje badala ya kuelekea kwenye zoloto, na mrija mwembamba wa kunyonya unaweza kupitishwa hadi tumboni.

| Kifaa | Mwaka wa kuanza kuuzwa | Puto la kujazwa hewa | Njia ya tumbo | Matumizi |
|---|---|---|---|---|
| LMA Classic | 1988 | Lipo | Haipo | Hurudiwa |
| LMA ProSeal | 2000 | Lipo | Ipo | Hurudiwa |
| LMA Supreme | 2007 | Lipo | Ipo | Mara moja |
| i-gel | 2007 | Halipo | Ipo | Mara moja |
| AuraGain | 2014 | Lipo | Ipo | Mara moja |

LMA Classic ndiyo barakoa ya awali ya Brain, iliyotengenezwa kwa silikoni. Kwa wastani huanza kuvuja shinikizo linapofika karibu sentimita 20 za maji. Kiasi hicho kinatosha kwa mgonjwa anayejipumulia mwenyewe, lakini huwa kidogo tumbo linapojazwa gesi.

LMA ProSeal ilibuniwa na Brain huyohuyo. Puto lake ni kubwa na laini zaidi, na katika saizi zake kubwa kuna puto la pili mgongoni linaloisukuma barakoa mbele ielekee zoloto. Hufunga vizuri hadi karibu sentimita 30 za maji. Kasoro yake ni kwamba, kwa kuwa ni laini, ncha yake inaweza kujikunja wakati wa kuingizwa, na mtumiaji anahitaji mazoezi zaidi.

LMA Supreme ni ya plastiki na ina mrija mgumu kiasi uliopinda kufuata umbo la kinywa na koo, hivyo ni rahisi kuiingiza. Ina pia sehemu ngumu ya kuzuia meno yasiubane mrija.

i-gel ilivumbuliwa na daktari Muhammed Aslam Nasir nchini Uingereza. Haina puto. Mwili wake ni wa mpira laini wa plastiki uliofinyangwa kufuata umbo la koo. Kwa kuwa hakuna kitu cha kujaza hewa, huwekwa haraka, na hatari ya puto kujazwa kupita kiasi haipo. Lakini mtaalamu akiona inavuja hana puto la kurekebisha. Ataisogeza au kubadili saizi.

AuraGain ya kampuni ya Ambu ya Denmark ina njia pana ya hewa. Mrija wa koo la hewa unaweza kupitishwa ndani yake iwapo mambo yatabadilika katikati ya upasuaji.

## Ulinganisho katika vyumba vya upasuaji

Kipimo kinachotumika zaidi katika tafiti ni shinikizo la kuvuja. Vali ya kutolea hewa hufungwa, gesi huachwa iingie polepole, na mtaalamu huangalia ni kwa shinikizo gani hewa inaanza kutoroka kinywani. Kadiri namba ilivyo kubwa ndivyo barakoa inavyofunga vizuri.

Mwaka 2002 utafiti ulilinganisha ProSeal na Classic kwa wagonjwa 80 waliotolewa mfuko wa nyongo kwa matundu madogo. Shinikizo la kuvuja lilikuwa wastani wa sentimita 29 za maji kwa ProSeal na 19 kwa Classic. Baada ya tumbo kujazwa gesi, ProSeal iliwapumulisha wagonjwa vizuri zaidi.

Mwaka huohuo J. Roger Maltby na wenzake nchini Kanada walilinganisha ProSeal na mrija wa koo la hewa kwa wagonjwa 109 wa mfuko wa nyongo. Kwa wasio wanene hapakuwa na tofauti ya maana: wote walipumua vizuri na tumbo la chakula halikuvimba zaidi kwa kundi lolote. Kwa wanene hali ilikuwa tofauti. Kati ya 16 waliowekewa ProSeal, 4 ilibidi wabadilishiwe na kuwekewa mrija, kwa sababu njia ya hewa iliziba au hewa ilivuja.

Mwaka 2010 wataalamu wa Singapore walilinganisha Supreme na i-gel kwa wanawake 100 waliofanyiwa upasuaji wa kizazi kwa matundu madogo. Shinikizo la kuvuja lilikaribiana sana, wastani wa 25 na 26, na vifaa vyote viwili vilifaa.

Matokeo hayo yanaelekea upande mmoja. Tofauti kubwa iko kati ya kizazi cha kwanza na cha pili. Ndani ya kizazi cha pili tofauti ni ndogo, na uzoefu wa mtumiaji na umbo la koo la mgonjwa huweza kuzidi tofauti ya chapa.

Tafiti hizi zina mpaka wake. Wagonjwa mia moja wanatosha kuonyesha barakoa ipi inavuja. Hawatoshi kuonyesha ipi inazuia kupaliwa, kwa sababu kupaliwa hutokea kwa nadra.

## Hatari ya kupaliwa

Mwaka 1946 daktari Mmarekani Curtis Mendelson alieleza jinsi tindikali ya tumboni inavyoharibu mapafu ya akina mama wanaojifungua wakiwa wamelazwa usingizi. Kati ya wajawazito 44,016 aliwahesabu 66 waliopatwa na tatizo hilo. Tangu hapo kuhakikisha mgonjwa hana chakula tumboni kumekuwa sehemu ya maandalizi ya upasuaji uliopangwa: kwa mtu mzima, kwa kawaida saa 6 bila chakula na saa 2 bila maji.

Mwaka 2009 wataalamu wa Italia walichapisha hesabu ya upasuaji 65,712 ambapo wagonjwa walipumulishwa kwa mashine. Waliopaliwa walikuwa 3 kati ya waliowekewa barakoa ya zoloto na 7 kati ya waliowekewa mrija. Namba hizo hazimaanishi kwamba barakoa hukinga kuliko mrija. Wagonjwa hawakugawanywa kwa kura. Wenye hatari kubwa walikuwa na uwezekano zaidi wa kuwekewa mrija. Kinachoonekana ni kwamba wagonjwa wakichaguliwa kwa uangalifu, hatari huwa ndogo kwa vifaa vyote viwili.

Ripoti ya Uingereza ya mwaka 2011, ijulikanayo kama NAP4, ilikusanya matukio makubwa ya njia ya hewa kutoka hospitali za nchi nzima kwa mwaka mmoja. Vifaa vinavyokaa juu ya zoloto vilitumika katika asilimia 56 hivi za nusukaputi zote. Kupaliwa ndiko kulikoongoza kwa kusababisha vifo miongoni mwa matukio hayo. Mara nyingi tatizo halikuwa ubovu wa kifaa, bali dalili za hatari ambazo hazikuzingatiwa kabla ya upasuaji. Ripoti ilishauri kizazi cha pili kitumike pale ambapo barakoa inafaa lakini kuna wasiwasi kidogo wa mgonjwa kucheua.

## Kuiweka na kuihakiki

Saizi huchaguliwa kwa uzito wa mwili. Kwa LMA Classic, saizi 3 ni ya kilo 30 hadi 50, saizi 4 ni ya kilo 50 hadi 70, na saizi 5 ni ya kilo 70 hadi 100. Barakoa hupakwa mafuta maalumu yanayochanganyika na maji, husukumwa kufuata kaakaa, kisha hushuka hadi inapokwama mwanzoni mwa umio. Puto hujazwa kwa shinikizo lisilozidi sentimita 60 za maji. Kulijaza zaidi huumiza koo na neva zake, na si lazima kuzuie uvujaji.

Kabla ya gesi kuingizwa tumboni mtaalamu huhakiki mambo haya:

* kifua kinapanda pande zote mbili, na kipimo kinaonyesha dioksidi kabonia katika kila pumzi inayotoka;
* shinikizo la kuvuja ni kubwa kuliko shinikizo ambalo mashine italihitaji;
* tone la jeli lililowekwa kwenye tundu la njia ya tumbo halirushwi nje na hewa ya mapafuni;
* mrija wa kunyonya unapita kwa urahisi hadi tumboni.

Jaribio la mwisho lina uzito wake. Mrija usipopita, huenda ncha ya barakoa imejikunja, na hapo njia ya tumbo haitoi kinga yoyote.

Hewa ikianza kuvuja katikati ya upasuaji, mtaalamu huweza kuongeza dawa ya usingizi, kuisogeza barakoa, au kumwomba daktari wa upasuaji apunguze gesi. Yasiposaidia, barakoa huondolewa na mrija huingizwa. Kwa hiyo mrija na vyombo vyake huwekwa tayari kabla ya kuanza.

## Wagonjwa wasiofaa

Kwa kawaida mrija huchaguliwa badala ya barakoa kwa:

* mgonjwa wa dharura ambaye tumbo lake lina chakula, au matumbo yake yameziba;
* mjamzito aliye mbele katika ujauzito;
* mwenye kiungulia kikali, ngiri ya kiwambo, au kisukari kilichochelewesha chakula kutoka tumboni;
* mwenye unene uliokithiri;
* mwenye mapafu magumu yanayohitaji shinikizo kubwa.

Ndiyo maana maswali anayoulizwa mgonjwa kabla ya upasuaji yana umuhimu. Saa aliyokula mara ya mwisho, na kama tindikali humpanda kooni anapolala, ni habari zinazoweza kubadilisha kifaa atakachowekewa. Mgonjwa anayeficha kwamba amekunywa chai alfajiri, kwa kuogopa upasuaji kuahirishwa, huondoa kinga ambayo hakuna barakoa inayoweza kuirudisha.

## Gharama na matumizi Afrika Mashariki

Upasuaji wa matundu madogo hufanywa katika hospitali kubwa za Kenya, Tanzania na Uganda. Kazi ya nusukaputi katika eneo hili haifanywi na madaktari bingwa peke yao. Nchini Tanzania wauguzi waliosomea usingizi hubeba sehemu kubwa ya kazi hiyo, na nchini Kenya maafisa wa kliniki waliosomea fani hiyo.

Barakoa za silikoni, yaani Classic na ProSeal, zimetengenezwa ili zitumike hadi mara 40. Kila mara huoshwa, puto hutolewa hewa yote, kisha huuawa vijidudu kwa mvuke wa moto. Kila matumizi yanapaswa kuandikwa, kwa kuwa silikoni iliyochoka hupasuka au puto lake huvimba upande mmoja. Barakoa za matumizi ya mara moja zilienea zaidi katika nchi tajiri, kwa sehemu kutokana na hofu iliyokuwapo Uingereza kwamba protini za ugonjwa wa ubongo unaohusishwa na ng'ombe zingeweza kubaki hata baada ya kuoshwa.

Kurudia barakoa iliyotengenezwa kwa matumizi ya mara moja ni jambo jingine. Haikutengenezwa kustahimili mvuke, na joto linaweza kuigeuza umbo. Barakoa iliyopoteza umbo huvuja, na katika tumbo lililojaa gesi hakuna nafasi ya ziada ya kuvumilia uvujaji huo.

## Tazama pia

* Nusukaputi
* Upasuaji
* Mapafu
* Zoloto
* Umio